Samaki Aliyepanda Kilima

Siku ambayo kamati ya fedha za utafiti ilikuja kukagua kituo cha samaki cha ziwani, Daktari aliamka kabla ya jogoo. Alikunywa chai akiwa amesimama, akakitia kikombe kwenye sinki, kisha akakichukua tena akidhani bado hajanywa. Mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua maharage mezani, akamtupia jicho la pembeni.

"Mwanangu, hicho kikombe kimekukosea nini?"

"Nawaza tu, mama."

"Unawaza, au unanoa ulimi?"

Bibi huyu alihamia nyumba ya kituo, kwa mwanawe na mkewe, tangu alipofiwa na mume, na hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Kwa majirani alijisifu kwamba mke wa mwanawe ni daktari. Wakimletea mtoto mwenye kikohozi, aliwaambia bila kupepesa kwamba ni daktari wa samaki, na mpaka leo hakuna samaki aliyerudi kulalamika.

"Nisikilize," akasema, akirusha kijiwe dirishani. "Akili unayo, lakini una ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kusahihisha. Mtu akikosea mbele za watu, ulimi unakuwasha mpaka umkune. Yule mkurugenzi wa zamani ulimsahihisha akiwa ameshika kipaza sauti. Ikawaje?"

"Ikawa tumenyimwa boti."

"Haya. Leo ushike ulimi kwa mikono miwili. Aliyevuliwa nguo huchutama. Na wewe ukimkuta amechutama, usimwamuru asimame."

Daktari alicheka, akambusu bibi kichwani, akatoka. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameshakwenda shuleni, lakini alimwachia viatu vyake vimepigwa kiwi, jambo alilolifanya siku za msiba na siku za mkaguzi tu.

Kisa chenyewe kilitokana na samaki. Jina lake la kitaalamu lilikuwa refu kama reli, lakini wavuvi walimwita Shemeji, kwa sababu alikuja kama mgeni, asijulikane nani kamkaribisha, akala kila kilichowekwa mezani, na hakuna aliyethubutu kumwuliza anaondoka lini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja na wenyeji wakaisha. Walioisha zaidi ni samaki wadogo wa rangi ya fedha walioitwa vijiko, ambao zamani walikuwa wakimeta ziwani kama vyombo vilivyooshwa jana. Sasa ukitaka kuwaona, ilibidi uende kwenye chupa za maabara, nao huko hawameti.

Udhaifu wa Shemeji ulikuwa mmoja: hapendi upweke. Basi Daktari na Fundi, mtu wa mitambo wa kituo, walimkamata mmoja, wakampasua tumbo kidogo, wakamtia chombo cha kurusha mawimbi kisichozidi punje ya haragwe, wakamshona, wakamfunga uzi wa njano kwenye pezi la mgongo na kumrudisha majini. Popote alipokwenda, redio ya Fundi ililia. Na kwa kuwa kila mara alikwenda kwa wenzake, aliwafichua wote. Ndipo akapewa jina la Mmbea.

"Mtaa ukiwa na mmbea mmoja," Fundi alipenda kusema, "polisi wa nini?"

Kwa njia hiyo walikuwa wamevua Shemeji wengi, na fedha za serikali zilikuwa zimefanya kazi yake. Lakini awamu ya kwanza ilikuwa inakwisha, na mwaka uliopita lilitokea jambo la kumkosesha Daktari usingizi. Shemeji alionekana kwenye mtaro mmoja ng'ambo ya kilima, katika bonde lenye mto usioungana na ziwa hili hata kwa mfereji. Mto ule ndio pekee uliobaki na vijiko walio hai. Kama Shemeji amefika mtaroni, kesho atafika mtoni, na keshokutwa tutawasimulia wajukuu.

Daktari aliomba fedha za awamu ya pili ili ajue Shemeji anavukaje kilima, na amzuie. Kamati ikikubali, kazi inaendelea. Ikikataa, kituo kinafungwa, mto unaachwa kama yatima, naye anahamishiwa makao makuu mjini kusahihisha taarifa za watu wengine. Mama mkwe alisema hao watu wengine ndio wa kuonewa huruma.

*

Kamati ilipoingia ilikuwa ya watu wawili na dereva. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mwenye suti ya kijivu na sauti ya kujaza ukumbi hata mahali pasipo na ukumbi. Mwenzake alikuwa mama mwembamba kutoka Hazina, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba, mwenye uso wa mtu anayejua bei ya kila kitu. Dereva hakuingia. Alilipeleka gari nyuma ya ghala la zamani la saruji, kwenye kivuli, akabaki huko huko.

Walikaa katika chumba cha matangi ya kioo, feni ikizunguka kwa uvivu na ramani ya ziwa ikipepea ukutani. Daktari alieleza, akaonyesha, akajibu. Mama Hazina aliandika kidogo. Mwenyekiti alikunywa maji mengi na kufuta jasho.

"Daktari," akasema mwishowe, "mimi si mtaalamu. Ni mkulima tu niliyebahatika kuitwa mheshimiwa. Lakini nisaidie. Huyu samaki ana miguu?"

"Hana, Mheshimiwa."

"Ana mbawa?"

"Hana."

"Kilima kile nakijua. Kwangu ni upande wa pili. Mimi mwenyewe nikikipanda na gari, gari linakohoa. Sasa serikali itoe fedha za kumchunguza samaki aliyepanda kilima? Nikienda kuwaambia wenzangu, si wataninusa mdomo?"

Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, cha kuambukiza, hata Fundi akajikuta anacheka na adui. Daktari aliona Mwenyekiti amekosea mambo matatu kwa pumzi moja. Ulimi ukaanza kuwasha. Akakumbuka kijiwe kikiruka dirishani, akaung'ata.

"Pengine twende tukamwone Mmbea," akasema. "Ukiona anavyofanya kazi, Mheshimiwa, maneno yatapungua."

"Hilo nalitaka," akasema Mama Hazina, na lilikuwa jambo la kwanza kusema tangu asalimie.

*

Gatini boti ya kukodi ilikuwa tayari. Usukani alikuwa nao mvuvi mmoja aliyeitwa Chambo, aliyekodiwa kwa siku hiyo, naye alikuwa amevaa shati safi na kofia ya kuazima. Fundi alivaa redio kifuani kama mtoto mchanga, akainua antena yake, inayofanana na mifupa ya samaki aliyeliwa vizuri, akaielekeza kwenye ghuba ambako Mmbea alikuwa amekaa juma zima na wenzake.

Kimya.

Akaigeuza kidogo kushoto. Kimya. Kulia. Kimya. Mawimbi madogo yalilamba nguzo za gati.

"Betri?" Daktari akanong'ona.

"Mpya kabisa."

"Labda amekufa," akasema Mwenyekiti, kwa huruma ya mtu ambaye hajapoteza kitu. "Wote njia yetu moja."

"Akifa, redio haifi, Mheshimiwa," akajibu Fundi. Alianza kuzunguka polepole pale pale aliposimama, kama mtu anayetafuta kibla. Antena ikapita juu ya maji yote, ikapita juu ya matete, na ilipotazama kituoni, redio ikalia: ti, ti, ti.

Fundi akasita. Akairudisha ziwani. Kimya. Akaigeuza kituoni. Ti, ti, ti, tena kwa raha, kama mtu anayekuita kwenye chakula.

"Daktari," akasema taratibu, "sijui nikwambieje. Mmbea amehamia nchi kavu."

Mama Hazina akavaa miwani. "Samaki huyu, alijenga?"

Daktari alihisi masikio yanapata moto. Kazi ya miaka yote, viatu vilivyopigwa kiwi, na sasa redio inamfanya kichekesho mbele ya mtu wa Hazina. Lakini chombo hicho alikijua kuliko alivyojijua mwenyewe. Hakikuwahi kusema uongo. "Tuifuate," akasema.

Wakaifuata. Fundi mbele, Daktari nyuma yake, Mama Hazina akiruka madimbwi kwa wepesi ambao hakuna aliyemdhania kuwa nao. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, na kwa kila hatua alizidi kuwa wa mwisho. Redio iliwapitisha mlango wa maabara bila kusimama, ikawapitisha choo, ikawapitisha kamba ya nguo ambako mashuka ya mama mkwe yalikuwa yanakauka, na ilipokata kona ya ghala ikaacha kusema ti, ti, ikawa inapiga kelele moja ndefu.

Mbele yao lilikuwepo gari la kamati. Buti lake halikuwa limefungwa sawasawa. Lilizuiwa kwa kamba, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kitu kirefu kuliko buti. Maji yalikuwa yanadondoka chini, tone baada ya tone, na yalishafanya kidimbwi.

Dereva alisimama mbele ya kile kidimbwi, miguu imepanuliwa, kama mlinda mlango wa penalti.

"Ni rejeta," akasema kabla hajaulizwa.

"Rejeta iko nyuma?" akauliza Fundi.

"Gari la kizamani."

Ndani ya buti kitu kikapiga mkia: paa! Hakuna rejeta inayofanya hivyo.

Hapo Daktari akaelewa yote kwa mpigo mmoja, na alichokielewa kikamtia baridi. Kwangu ni upande wa pili, Mwenyekiti alisema. Mkulima tu. Mwenyekiti alikuwa amepita mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, asubuhi, akanunua Shemeji wazima kwenye ndoo, ili akawatie bwawani kwake. Na palepale mwaloni palikuwa na bango kubwa, lenye nembo ya wizara: NI MARUFUKU KUSAFIRISHA SAMAKI HUYU AKIWA HAI. Fedha za kulichora bango lile zilipitishwa na kamati hii hii.

Akageuka. Mwenyekiti alikuwa amefika kwenye kona ya ghala na kusimama pale, leso mkononi. Sauti yake ya ukumbi ilikuwa imekwenda mahali. Usoni hakuwa mheshimiwa tena, alikuwa mzee mmoja aliyekamatwa akiwa na sukari mdomoni.

Wakati huo huo Chambo, aliyechoka kungoja botini, akatokea na kofia yake ya kuazima.

"Mnamtafuta Mmbea?" akauliza kwa furaha. "Mbona nimeshamrudisha, dada Daktari!"

"Umemrudisha wapi?"

"Serikalini! Si wewe ulitutangazia? Mwenye uzi wa njano ni samaki wa serikali, atakayemnasa amrudishe serikalini. Usiku wa jana kaingia wavuni. Asubuhi gari la serikali hili hapa, Mheshimiwa ananunua samaki wazima. Nikasema, kumbe wamemfuata wenyewe. Nikamtumbukiza ndani ya ndoo, kama nyongeza. Nimekosa?"

"Hujakosa, kaka," akasema Daktari. Kwa kweli hakuwa amekosa.

Redio ilikuwa bado inapiga kelele. Fundi akaizima. Mama Hazina alitazama gari, akamtazama Mwenyekiti, akamtazama Daktari, na kalamu yake ikasimama hewani.

Ulimi wa Daktari uliwasha kama uliotiwa pilipili. Maneno yalikuwa yamejipanga tayari: kifungu cha sheria, bango, kicheko cha asubuhi kuhusu miguu na mbawa. Yote yalikuwa kweli, na angeyasema vizuri. Lakini aliona pia yatakakofikia. Mzee angekana. Dereva angetwishwa mzigo. Ndoo ingeondoka au isingeondoka, lakini fedha zingekufa kwa yakini, na mwakani ndoo nyingine mia zingepanda kilima bila mtu wa kuzitazama. Na kwa upande wa pili, akinyamaza kabisa, Mmbea na wenzake wangekula chakula cha jioni bondeni, karibu na vijiko wa mwisho.

Mtu amechutama, mama mkwe alisema. Usimwamuru asimame. Hakusema umwache na ndoo.

Daktari akafungua ile kamba mwenyewe, akainua buti. Ndoo ya bluu, kubwa, imefunikwa kwa wavu. Ndani yake Shemeji walisongamana kama abiria, na katikati yao ukaonekana uzi wa njano.

"Mama," akamwambia Mama Hazina, sauti imetulia, "asubuhi tuliulizwa samaki asiye na miguu amepandaje kilima. Mimi nilikuwa sina jibu, nilikuwa naomba fedha za kulitafuta. Jibu limekuja lenyewe. Anapanda kwa gari, ndani ya ndoo, na anayembeba si mwizi wala adui. Ni mtu mzuri mwenye bwawa, anayetaka samaki anayekua haraka. Wapo wengi kila siku. Naomba tumshukuru Mwenyekiti kwa kutuletea jibu hili mpaka mlangoni."

Hapakuwa na uongo hata katika neno moja. Na Mwenyekiti, ambaye siasa hakuisomea bali alizaliwa nayo, akaona nguo imetandazwa mbele yake. Hakungoja aitwe mara mbili.

"Ndiyo!" akasema, na ukumbi ukarudi kooni. "Ndiyo kabisa! Nilisema, maneno matupu hayatoshi. Acha nifanye kama wananchi wanavyofanya, tuone kama chombo hiki cha Daktari kitanikamata. Na kimenikamata! Dereva, si nilikwambia?"

"Uliniambia ni rejeta," akasema dereva.

"Huyu anatunza siri sana," Mwenyekiti akaieleza hadhira.

Mama Hazina akakunja daftari lake. Alikuwa amekaa Hazina miaka mingi, na amesikia hadithi bora kuliko hiyo. "Mwenyekiti," akauliza, "huu ushahidi uliununua kwa risiti?"

"Kwa... kwa fedha zangu binafsi."

"Uzalendo," akasema Mama Hazina, bila kucheka hata kidogo. "Basi nadhani hatuhitaji boti."

*

Walipokuwa wanaagana, Mwenyekiti alimvuta Daktari pembeni, karibu na ile kamba ya mashuka. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo, ya mtu na binti yake.

"Mwanangu," akasema, "umenisitiri. Sasa nami nikuambie kitu. Kwangu bwawani wamo wengine. Tangu mwaka jana. Nilipewa na rafiki, nikaona wananenepa, nikafurahi. Na bwawa lile, mvua zikizidi, linamwagikia mtaroni."

Daktari alifumba macho. Mtaro ule. Usingizi wote ule alioukosa, na chanzo chake kilikuwa kinakunywa maji ofisini kwake tangu asubuhi.

"Bango nimelisoma," mzee akaendelea, akitazama viatu vyake vyenye tope. "Nililipitisha. Nikajiambia ndoo moja haimalizi dunia."

Daktari alikuwa na sentensi nzuri ya kujibu hilo. Aliimeza. "Mficha uchi hazai, Mheshimiwa," akasema badala yake. "Wewe umeshafichua. Awamu ya pili tutaanzia kwako."

"Kwangu? Watu watajua."

"Watajua kwamba Mwenyekiti ameanza na bwawa lake kabla ya kugusa la jirani."

Mzee alitafakari. Polepole kifua kikaanza kujaa. "Hilo," akasema, "linaweza kusemwa jukwaani."

*

Fedha zilipita. Mama Hazina ndiye aliyezitetea, na inasemekana alitumia maneno machache sana. Mvua za mwanzo hazijaanza, Daktari na Fundi wakavuka kilima na pampu, nyavu na mapipa, gari likikohoa kama lilivyosemwa.

Bwawa lilikuwa nyuma ya nyumba ya Mwenyekiti, nyumba nzuri yenye baraza pana. Majirani walijaa ukingoni kama harusini. Mwenyekiti alikuwa amekunja suruali hadi magotini, yumo topeni anaamrisha, anafundisha, anateleza. Maji yalivyopungua, Shemeji wakaanza kuonekana migongo, wengi, wanene, na watu wakapiga vigelegele huku mapipa yakijaa. Mke wa Mwenyekiti alisimama barazani na kusema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye tangu mwanzo aliwaona macho yao si mazuri.

Daktari hakuwa anawatazama Shemeji. Alishuka peke yake kwenye mtaro unaotoka bwawani, akaufuata mpaka unapokutana na mto, akizamisha wavu mdogo kila hatua chache. Tope. Majani. Chura mwenye hasira. Mtaro mtupu. Akafika mtoni, akazamisha wavu chini ya jiwe.

Ukatoka unameta.

Walikuwa vijiko, hai, wanarukaruka, fedha tupu juani. Shemeji walikuwa hawajafika. Aliwatia kwenye bakuli la maji na kurudi nao bwawani bila kujua kama anatembea au anakimbia. Akalinyoosha bakuli tu, kila mtu aone.

Mwenyekiti akachungulia, akainua mkono kwa majirani wote, na kutangaza:

"Mmeona sasa! Hivi ni vitoto vya Shemeji! Hata hivi vidogo tusiviachie, ndugu zangu. Leta pipa!"

Mwili mzima wa Daktari ukawasha. Fundi, aliyekuwa majini hadi kiunoni, akamtazama na kujizuia kucheka.

"Mheshimiwa," Daktari akasema kwa upole mkubwa, akilikumbatia bakuli kifuani kwa mikono yote miwili, "hawa nakuomba unipe mimi."

"Chukua, mwanangu, chukua! Ni wako," akasema mzee kwa ukarimu, akarudi kuamrisha.

Daktari akaenda kukaa barazani na bakuli lake mapajani. Alingoja pipa la mwisho lifungwe, akangoja jirani wa mwisho aende zake, akangoja mpaka mzee akapanda ngazi na kukaa kando yake, amechoka, ana tope mpaka kwenye nyusi. Ndipo akamsogezea bakuli taratibu na kuufungua ulimi.